Kurasa Ishirini na Nne za Bwana Chui

— Mmekaa?
— Tumekaa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Mawili mawili!
— La kusikilizia ni lipi?
— Yote mawili!
— Basi na yafunguke.
— Yako wazi!

Waliohudhuria mkutano wa kuchagua kitabu cha alfabeti cha watoto wadogo, katika majabali ya Mangwela, walikuwa hawa.

Kobe, mwenyekiti. Alifika wa kwanza, kwa sababu alianza safari juzi yake.

Kanga, mama wa vifaranga kumi na mmoja. Alikuja nao wote. Aliwahesabu alipofika, akawahesabu alipokaa, na alikuwa akiwahesabu tena mkutano ulipofunguliwa.

Digidigi na mkewe. Hao huandikwa pamoja, maana hakuna aliyewahi kumwona mmoja bila mwingine.

Nungunungu, mchoraji. Kila alipohitaji kalamu alichomoa mwiba mgongoni mwake, akasema "aa!", akaendelea na kazi.

Pimbi, mwalimu. Huyu ni pimbi wa mawe, si pelele wa mitini. Watu wengi huwachanganya, na wenyewe hawapendi. Mwalimu Pimbi alikuwa mfupi, mnene, asiye na mkia, na alikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Mwaka uliotangulia walikuwa thelathini na wanne. Wale watatu waliopungua waliitwa Tabu, Chausiku na Mrisho, na bado aliyaita majina yao kila asubuhi, akanyamaza kidogo, kisha akaita linalofuata.

Sikudhani, binti wa mwisho wa Mwalimu Pimbi, mdogo kuliko watoto wote wa majabali.

Na Chui. Chui hakualikwa. Ndiye aliyewala Tabu, Chausiku na Mrisho.

Sasa, desturi ya Mangwela ni hii: kitabu cha watoto hakichaguliwi na wakubwa peke yao. Wakubwa husema, husema, husema mpaka wachoke. Halafu kitabu huwekwa chini mbele ya mtoto mdogo kuliko wote. Mtoto akikikalia, kitabu hakifai. Akikitafuna, kinafaa kidogo. Lakini akikitazama, kisha akainuka akaenda kukitafuta kile alichokiona kwenye picha, basi hicho ndicho kitabu, na hakuna wa kupinga.

Kitabu cha kwanza kililetwa na Kobe. Kilikuwa cha gome la mti, kimeandikwa herufi tupu, kubwa, nyeusi, bila picha hata moja.

"Sisi tulisoma hivi," alisema Kobe. "Na tulijua."

"Mlijua mkiwa na umri gani, mzee?" aliuliza Mwalimu Pimbi kwa adabu.

"Miaka arobaini."

Kitabu kikawekwa mbele ya Sikudhani. Sikudhani akakigeuza, akakipapasa, akakikalia. Pwa!

Kitabu cha pili kilikuwa cha Nungunungu. Lo, kilikuwa kizuri! Chini ya herufi ya N alikuwa amechora nyuki. Na mzinga. Na mti unaoning'iniza mzinga. Na mrina asali anayepanda mti, na moshi wa mrina asali, na mkewe anayemsubiri chini na chungu kichwani.

"Nyuki yuko wapi?" aliuliza Kanga.

"Huyu hapa, Bi Kanga. Nyuma ya moshi."

"Kazi ni nzuri mno, Bwana Nungunungu," alisema Mwalimu Pimbi. "Lakini picha ya mtoto mchanga iwe ya kitu kimoja, nacho kijae ukurasa. Ukimpa vitu sita hajui herufi ni ya kipi."

Nungunungu akanuna, miiba ikamsimama. Kitabu kikawekwa mbele ya Sikudhani. Sikudhani akakitafuna pembeni. Nya, nya, nya.

Hapo ndipo kitu kilipotua kutoka juu ya jabali. Pu!

"Hodi," alisema Chui.

"Karibu," alijibu Kobe, kichwa kikiwa tayari ndani ya gamba.

Kanga akawahesabu vifaranga. Digidigi na mkewe wakaanza kutetemeka kwa pamoja. Chui akakaa katikati, akazungusha mkia wake miguuni, akawatazama mmoja mmoja kama mgeni anayechagua kiti.

"Nimesikia mnatafuta kitabu cha watoto," alisema. "Nikasema, mimi nami ni mzazi wa moyo. Nimewaletea. Ni zawadi. Nyani wa bondeni ndiye aliyenichorea."

"Kwa hiari yake?" aliuliza Mwalimu Pimbi.

"Mkono ulimtetemeka kidogo," alisema Chui. "Lakini kachora."

Kitabu kilikuwa safi. Herufi ishirini na nne, kurasa ishirini na nne, kila ukurasa picha moja, nayo imejaa. A ni asali. B ni bata. Na pale penye Ch alikaa Chui, anatabasamu, hana meno wala kucha, amekumbatia kibuyu cha maziwa, na watoto wa pimbi wamempanda mgongoni kama kilima.

Mwalimu Pimbi aliitazama picha hiyo akaielewa yote papo hapo. Mtoto wa majabali hana mwalimu mwingine wa dunia ila kitabu chake cha kwanza. Akionyeshwa asali kwenye picha, ataitafuta asali. Akionyeshwa Chui mwenye maziwa, atamwendea Chui.

Kitabu kikawekwa mbele ya Sikudhani.

Sikudhani hakukikalia. Hakukitafuna. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine, akafika kwenye Ch. Akautazama uso wenye tabasamu. Akakitazama kibuyu. Kisha akainua kichwa, akamwona Chui mwenyewe ameketi pale, anatabasamu vilevile. Akainuka. Tapu, tapu, tapu. Akaenda moja kwa moja mpaka mguuni pa Chui, akaanza kulamba ukucha akitafuta maziwa.

Mwalimu Pimbi alipima kwa macho hatua zilizobaki kati yake na mwanawe. Zilikuwa nyingi mno.

Chui akakipigapiga kichwa cha Sikudhani kwa kiganja kizito. Alikuwa na njaa, lakini aliona mbali. Leo mmoja, na kesho je? Afadhali asubiri thelathini na mmoja waje kwa miguu yao.

"Mtoto kachagua," alisema. "Desturi si yangu. Ni yenu."

"Ni yetu," alisema Kobe kutoka ndani ya gamba.

"Na kama yupo asiyekipenda kitabu changu, aseme. Nitamtembelea nyumbani tuzungumze."

Mwalimu Pimbi alijua kwamba kumwambia Chui hapana ni jambo ambalo mtu hulifanya mara moja tu. Akaenda, akambeba Sikudhani kinywani kwa ngozi ya shingo, akamweka nyuma yake. Kisha akakichukua kitabu, akakifungua taratibu, akatikisa kichwa kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenziwe.

"Hongera, Bwana Chui. Kitabu ni chako. Ila..."

"Ila nini?"

"Hapana, si kitu. Labda ndivyo ulivyotaka."

"Sema, Mwalimu."

"Naona hapa penye F yupo Fisi."

"Eh, yupo."

"Amepewa ukurasa mzima."

Sikio moja la Chui likasimama. "Mzima?"

"Mzima. Sawa na wako."

"Fisi? Yule anayenuka?"

"Huyo huyo, bwana. Na hapa penye S yupo Simba. Naye ukurasa mzima. Sawa na wako."

Sikio la pili likasimama. "Na huyu wa K ni nani?"

"Konokono, bwana."

"Amepewa nusu?"

"Mzima," alisema Mwalimu Pimbi kwa masikitiko. "Sawa na wako."

Chui akasimama. Akazunguka. Akakaa. Akasimama tena. "Mimi na konokono! Watoto wataamka asubuhi waone konokono, wafungue kwingine waone mimi, waone tuko sawa!"

"Ndicho nilichokuwa nakihofia," alisema Mwalimu Pimbi.

"Mtoe konokono!"

"Tukimtoa, tumweke nani?"

"Mimi!"

"Na penye F?"

"Mimi!"

"Na penye S, Bwana Chui? Simba ni mkubwa..."

"Mimi! Mimi! Mimi kila mahali!"

Kanga akamnong'oneza Mwalimu Pimbi, "Umeingiwa na nini, wewe? Mmoja alikuwa hatutoshi?"

"Nyamaza, Bi Kanga," alijibu Mwalimu Pimbi bila kugeuka. "Hesabu vifaranga."

Basi kazi ikaanza. Nungunungu akachomoa mwiba, "aa!", akachovya katika wino wa makaa. Chui akakaa mkao wa tabasamu, kibuyu mkononi.

"Hivyo hivyo kila ukurasa?" aliuliza Mwalimu Pimbi. "Watoto watachoka, bwana. Konokono ndiye anayeonyeshwa upande mmoja, kwa kuwa hana mwingine. Mtu mkubwa huonyeshwa pande zote. Wewe ukiwa kazini unakaaje?"

"Kazini?" Chui akatazama kando. "Kazini hukaa juu ya tawi."

"Panda, tukuone."

Chui akapanda. Nungunungu akachora. Kwaru, kwaru, kwaru. T ni tawi: Chui juu ya tawi.

"Na usipokuwa juu ya tawi?"

"Hulala katika nyasi, tumbo chini."

"Lala, tukuone."

Chui akalala. Nungunungu akachora. Kwaru, kwaru, kwaru. N ni nyasi: Chui ndani ya nyasi.

"Lakini huonekani, bwana," alisema Mwalimu Pimbi. "Naona nyasi tupu."

"Ndiyo ustadi wenyewe!" alisema Chui kwa fahari. "Tazama vizuri. Ncha ya sikio ile. Na mkia ukicheza kidogo pale."

"Aaa! Nungunungu, usisahau ncha ya sikio."

Wakaendelea siku tatu. J ni jiwe: Chui nyuma ya jiwe. K ni kichaka: madoa matatu kati ya majani. M ni mkia: mkia peke yake, unaning'inia kama mzizi. U ni unyayo: unyayo wa Chui kwenye tope bichi, na Chui mwenyewe akaukanyaga ukurasa ili upatikane sawasawa. Walipofika kwenye H, Mwalimu Pimbi akasema, "H ni harufu. Hiyo haichoreki." Chui akacheka, akausugua ukurasa kwa shavu lake, huku na huku, kama afanyavyo kwenye miti ya mipaka yake. Walipofika kwenye S akasema, "S ni sauti. Hiyo nayo haichoreki." Chui akamfundisha mwenyewe, pumzi kwa pumzi, ile sauti yake ya kwenda na kurudi kama msumeno kwenye gogo: khraa-kho, khraa-kho, khraa-kho.

"Barabara," alisema Chui. "Lakini itoke kifuani, Mwalimu."

"Khraa-kho," alisema Mwalimu Pimbi kutoka kifuani, na digidigi wawili wakazimia.

Siku ya nne darasa likafunguliwa. Mwalimu Pimbi alikuwa na namna yake ya kufundisha. Watoto hukaa juu ya jabali penye jua. Mwalimu hufunua ukurasa. Anayejua hupaza sauti, na papo hapo wote hukimbilia ndani ya ufa wa jabali. Kisha hutoka, na ukurasa wa pili hufunuliwa. Chui alijilaza ng'ambo ya pili kutazama jinsi anavyopendwa.

"T!" alisema Mwalimu Pimbi.

"Tawi! Chui juu ya tawi!" Chaka, chaka, chaka, ndani!

"N!"

"Nyasi! Chui ndani ya nyasi!" Chaka, chaka, chaka, ndani!

Mwalimu akafumba macho, akasema kutoka kifuani, "Khraa-kho."

"Sauti! Sauti ya Chui!" Chaka, chaka, chaka, ndani!

"Mbona wanakimbia?" aliuliza Chui.

"Furaha, bwana," alisema Mwalimu Pimbi. "Watoto wadogo hawawezi kufurahi wakiwa wamekaa."

Chui akaridhika. Akalala, akaota maziwa, na wanywaji wa maziwa.

Juma lilipokwisha akaona watoto wameiva. Jumatatu akapanda kwenye tawi lililo juu ya jabali, akasahau mkia. Sauti ndogo ikasema, "M! Mkia wa Chui!" Chaka, chaka, chaka, ndani! Ilikuwa sauti ya Sikudhani.

Jumanne akalala nyasini, tumbo chini. "N! Ncha ya sikio ile!" Chaka, chaka, chaka, ndani!

Jumatano akajificha nyuma ya jiwe. Alhamisi kichakani. Ijumaa akakaa mbali kabisa, nyuma ya kichuguu, asionekane hata doa. Upepo ukageuka. Watoto thelathini na mmoja wakainua pua. "H!" wakasema kwa pamoja. Chaka, chaka, chaka, ndani!

Majuma mawili yakapita. Kanga naye akaleta vifaranga wake darasani. Digidigi na mkewe wakaja, wakakaa nyuma, wakajifunza kwa aibu, maana walikuwa watu wazima. Hata kobe wa bonde la pili wakatuma mtu aombe nakala, naye bado yuko njiani.

Chui akapungua mwili. Siku moja akaamua kuja waziwazi, kama alivyokuwa katika picha yake ya kwanza. Akatafuta kibuyu, akakijaza maziwa, akaficha meno, akaficha kucha, akatabasamu. Akapanda jabalini mchana kweupe.

Mwalimu Pimbi alimwona, akaikumbuka siku ile ya mkutano. Ukurasa wa Ch ulikuwa bado mle kitabuni. Hakuwa amethubutu kuutoa. Aliufunua kila siku pamoja na kurasa nyingine, na watoto waliukimbia kama walivyozikimbia nyingine, lakini picha ni picha, na maziwa ni maziwa. Watoto walisimama. Walitazama kibuyu. Harufu ya maziwa ilikuwa imeifunika ile nyingine.

"Njooni," alisema Chui taratibu. "Mnanijua."

Sikudhani alisogea hatua moja. Tapu. Akasogea ya pili. Tapu.

Sikudhani akamtazama Chui toka sikio mpaka unyayo, kwa makini, kama mtu anayehakikisha jina kabla ya kuliandika.

"Ch," alisema.

Chaka, chaka, chaka, ndani! Wote thelathini na mmoja, na Sikudhani wa mwisho. Alipokwisha kuingia salama, akatoa pua kidogo.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba," alisema Chui, kwa kuwa hakukuwa na jibu jingine.

Kibuyu kikamwagika. Chui hakukiokota.

Alirudi mara moja tu baada ya hapo. Alijilaza chini ya jabali penye jua, mbavu nje, hata kujificha hakujificha. Watoto walimtaja, wakaingia. Mwalimu Pimbi akabaki mlangoni mwa ufa.

"Mwalimu."

"Naam, Bwana Chui."

"Watoto wananijua?"

"Kuliko mnyama mwingine yeyote, bwana. Fisi hawamjui hata kwa sura."

"Na konokono?"

"Konokono juzi walimwita kokoto."

Chui akacheka, kisha akakohoa muda mrefu. "Umeniweza, Mwalimu."

"Nilikuwa na watoto thelathini na mmoja, Bwana Chui. Nilitaka wabaki thelathini na mmoja."

"Wale watatu," alisema Chui. "Wa mwaka jana. Walikuwa na majina?"

"Tabu, Chausiku na Mrisho."

Chui akayarudia, moja moja, bila kukosea. Kisha akasema, "Kitabu kipo?"

Mwalimu Pimbi akakileta. Hakutoka nje, hakuwa mjinga. Lakini alikiweka pale pale penye mwanga, akakifunua ukurasa mmoja mmoja mpaka zikaisha zote ishirini na nne, bila kumharakisha. Kwenye O, ambapo Chui anaota jua, Chui akamsimamisha.

"Hapa nilikuwa nimenenepa," alisema.

"Ulikuwa umependeza, bwana."

Chui akainuka kwa shida, akashukuru, akaelekea mtoni.

Na funzo la hadithi hii ni hili. Mnapochagua kitabu cha alfabeti cha watoto wadogo, msichague chenye picha ya kitu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Watoto hawatajifunza humo jambo lolote la kuwafaa. Watoto wa Mangwela mpaka leo hawajui A ni ya asali. Na tena, mkubwa akitaka sura yake iwekwe kila ukurasa, mwekeeni upesi na msimdhanie vibaya, maana anachotaka ni kupendwa tu.

— Hadithi imekwenda wapi?
— Imeingia ndani!
— Nani ataitoa?
— Atakayeisimulia!

Chui alikufa siku ya Alhamisi, ng'ambo ya mto Lukwe, kwa njaa.